Kutoka Husuni hadi kilima cha Zimbabwe: shajara ya siku kumi

Siku ya kwanza. Dar es Salaam – Tunduma

Baba amevusha watu kwenda Kilwa Kisiwani kwa mashua tangu sijazaliwa. Mgeni akiuliza Husuni Kubwa ni nini, jibu lake ni lile lile: ngome ya sultani. Neno lenyewe husuni ni la Kiarabu na maana yake ni ngome, basi mjadala umekwisha. Nilikuwa kidato cha pili nilipomuuliza mbele ya wageni mbona ngome hii ina bwawa la kuogea lenye pembe nane, vyumba zaidi ya mia, na wala haionekani ilikuwa ikimwogopa nani. Alinitazama kama mtoto aliyemharibia biashara. Jioni ndipo akanijibu: ukitaka ngome ya vita nenda Gereza, kule ufukweni. Husuni ni ngome ya namna nyingine. Namna gani, hakusema.

Swali hilo ndilo lililonipandisha basi leo saa kumi na mbili asubuhi kituo cha Mbezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 magofu ya Zimbabwe Kuu yalitoa sarafu ndogo ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa wa mwanzoni mwa karne ya 14, huyo huyo anayetajwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa. Na magofu hayo nayo yana sehemu ya juu ya kilima ambayo Wazungu wengi wa mwanzo waliiita ngome. Nikaona niende nikahakikishe.

Njia ya leo kila msafiri wa kusini anaijua. Mikumi tumewaona twiga. Ruaha Mbuyuni vitunguu vimeingia kwa madirishani hadi basi zima likanuka sokoni. Kitonga limepanda likikohoa. Karibu na Iringa mzee niliyekaa naye amenyoosha kidole upande wa Kilolo: "Kijana, unasema unaenda Zimbabwe? Wenyewe walikuwa wakijifunzia vita huko Mgagao." Kisha akashuka Ipogolo na fimbo yake na kuku wawili.

Tunduma saa sita usiku. Tumelala vitini.

Siku ya pili. Nakonde – Mpika – porini

Tulipovuka, simu imejirudisha nyuma saa nzima. Kuanzia hapa mpaka Masvingo nitakuwa nyuma ya mama yangu kwa saa moja, na kila nikimpigia ananiambia ameshakula.

Basi letu, jina lake nalihifadhi, limekata mkanda wa feni baada ya Mpika. Utingo akatangaza nusu saa. Zikawa saa tano. Tulikaa chini ya miti ya miombo, na mama mmoja anayepeleka vitenge Harare akanihoji safari yangu.

"Mwanangu, nauli yote hiyo kwenda kutazama mawe? Si ungeshuka Mwanza?"

Nikamsimulia kisa cha dhahabu kama kilivyoandikwa na Mreno João de Barros katika karne ya 16. Zamani, watu wa Mogadishu peke yao ndio waliokuwa wakinunua dhahabu Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo. Siku moja mvuvi wa Kilwa akanasa samaki mkubwa. Badala ya yeye kumvuta samaki, samaki akamvuta yeye na mashua yake kuelekea kusini, na mkondo wa bahari ukamalizia kazi, mpaka akajikuta Sofala. Akaona biashara, akarudi, akamweleza sultani. Toka hapo Kilwa ikaingia kwenye dhahabu.

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Samaki gani huyo? Huyo alikuwa anakimbia madeni."

Kutoka Kilwa hadi Sofala ni zaidi ya kilomita 1,300, hata ndege akiruka moja kwa moja. Samaki au madeni, jambo lililo wazi ni kwamba kufikia karne ya 14 Kilwa ilikuwa imeishika njia hiyo, na ndiyo iliyoutajirisha mji ule msafiri Ibn Battuta alioufikia mwaka 1331 na kuusifia. Dhahabu yenyewe haikutoka Sofala. Ilitoka bara, kwenye nyanda za juu, na ndiko huko tunakokwenda kwa mkanda wa feni wa kuazima.

Siku ya tatu. Lusaka – Chirundu – Harare

Lusaka alfajiri, chai na mandazi yasiyo na iliki. Katika mji huu mwaka 1975 aliuawa Herbert Chitepo, mpigania uhuru wa Zimbabwe, kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake. Kabla ya kuongoza mapambano alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Tanganyika baada ya uhuru. Nimelitaja kwa sababu watu wa kizazi chake ndio walioliokota jina la magofu wakalifanya jina la nchi, miaka kama ishirini kabla ya nchi yenyewe kuwepo. Jina hilo limesafiri barabara hii mara nyingi kuliko mimi.

Kushuka bonde la Zambezi ni kama kufunguliwa mlango wa tanuri. Masweta yote yakavuliwa. Tumevuka mpaka wa Chirundu mchana, mihuri yote jengo moja. Mto ni mpana na wa kijani, na haukuwa na haraka yoyote.

Harare usiku. Sina la kuandika isipokuwa maji ya moto.

Siku ya nne. Harare – Masvingo

Mbare, kituo cha mabasi, asubuhi. Kijana muuza maji amenisogelea, nami kwa mazoea nikamwambia, "Mambo!" Akasimama, akaweka kola yake sawa, akanyoosha mkono kama anayesubiri ubusiwe. Wenzake wakaangua kicheko. Kwa Kishona mambo ni mfalme. Tangu wiki hii ianze nimewatawaza makonda watatu na askari mmoja.

Ukitega sikio, Kishona ni jirani anayeongea nyuma ya ukuta. Moto ni moto, nyoka ni nyoka, mbuzi ni mbudzi, kuku ni huku, ng'ombe ni mombe. Nyumba ni imba, zikiwa nyingi ni dzimba. Mawe ni mabwe. Dzimba dzemabwe, nyumba za mawe: ndiyo Zimbabwe. Mtu wa Kilwa hahitaji mkalimani hapo.

Chenji nimerudishiwa peremende mbili, dola ndogo zikiwa adimu.

Masvingo jioni, karibu kilomita 300 kusini mwa Harare. Wakoloni waliuanzisha mji huu mwaka 1890 wakauita Fort Victoria. Hiyo ilikuwa ngome kweli, ya bunduki na walinzi. Baada ya uhuru ukapewa jina la Masvingo, kutokana na rusvingo, boma la mawe. Ngome imeondoka kwenye jina, mawe yamebaki.

Siku ya tano. Kilimani

Kombi imenishusha asubuhi ndani ya guti, yale manyunyu mepesi ya majira ya baridi ambayo hayanyeshi wala hayaachi. Magofu yako chini ya kilomita 30 kutoka mjini. Nimempata mwongozaji wa makamo ambaye kila mtu getini alikuwa akimwita sekuru, yaani babu, nami nikamwita hivyo hivyo. Aliposikia natoka Kilwa alipiga makofi mawili ya taratibu, kama wanavyosalimia wazee hapa. "Mukoma," akasema, yaani kaka, "wateja wetu wa zamani."

Kilima kinainuka kama mita 80 kutoka bondeni, na upande mmoja ni jabali tupu. Tumepanda kwa njia ya kale. Inaanza kwa upole halafu inaingia katikati ya majabali, ngazi za mawe zinabana, na mahali pengine nilipita mkoba ukikwaruza kushoto na bega likikwaruza kulia. Nikasimama. Watu watatu wenye mikuki wangelizuia jeshi zima mahali pale, nikamwambia.

"Kila mgeni anasema hivyo hapa hapa," sekuru akajibu. "Ngoja ufike juu."

Juu kuna Boma la Magharibi, ambalo linaaminiwa lilikuwa makao ya mfalme. Ukuta wake ni mrefu mara nne ya mtu au zaidi, na kileleni umepambwa kwa viminara vya mviringo na mawe marefu yaliyosimamishwa wima. Nilitafuta tundu la mshale. Hakuna. Nilitafuta kidaraja cha ndani ambapo mlinzi angesimama akachungulia nje. Hakuna. Sekuru akanipeleka ukingoni kuniona nishangae: wamejenga ukuta mzuri kabisa juu ya genge ambalo hata nyani angefikiria mara mbili, na sehemu nyingine inayopandika, ukuta unaishia hivi hivi, mwisho wake umeviringwa vizuri kama mwisho wa sentensi. Kisima sikuonyeshwa.

"Sasa mukoma, adui akikuzingira huku, utakunywa nini?"

Sikuwa na jibu.

"Ukuta huu si wa kumzuia adui. Ni wa kumzuia mtu kuona."

Nikakaa chini kuutazama kwa karibu. Jiwe moja moja ni dogo, ukubwa wa boflo. Hakuna chokaa, hakuna udongo wa kushikisha. Kila safu imerudishwa nyuma kidogo kuliko ya chini yake, kwa hiyo ukuta mzima unaegemea ndani kama mtu anayejipumzisha. Nyuso mbili zimepangwa kwa uangalifu na katikati zimejazwa mawe ya ovyo. Ukuta unapokutana na mwenzake haufungamani nao. Unagusa tu, na kidole changu kilipita kwenye mfereji kati yao. Kwetu fundi angekataa kulipwa. Lakini huu umesimama zaidi ya miaka mia sita, na nyumba ya mjomba wangu ya matofali ya saruji ina nyufa tangu mwaka juzi.

Mawe yenyewe kilima kinayatoa. Graniti ikichomwa na jua mchana na kupigwa na baridi usiku hubanduka vipande vya unene unaolingana, kama vitunguu vya Ruaha. Wajenzi waliiharakisha kwa kuwasha moto juu ya jabali na kulimwagia maji. Kilichobaki kilikuwa kuvunja, kuchagua, na kuwa na subira ya kutisha.

Watu waliishi hapa juu tangu karne ya 11 hadi ya 15. Nyumba zilikuwa za udongo na nyasi ndani ya kuta za mawe, na kila nyumba ilipozeeka nyingine ilijengwa juu ya sakafu yake, kwa hiyo ardhi ikawa kitabu chenye kurasa nyingi. Kitabu hicho kimechanwa. Kuanzia mwaka 1902 mwandishi wa habari aliyeitwa Richard Hall alipewa kazi ya kuyatunza magofu, naye akaamua kwamba tabaka za udongo ni uchafu wa Waafrika uliofunika kazi ya ustaarabu mwingine. Akazichimbua, akazitupa. Alifukuzwa kazi mwaka 1904, kurasa zikiwa zimeshakwenda. Ukitaka kujua adui gani aliuvunja mji huu, anza na huyo mwenye koleo.

Upande wa mashariki kuna boma jingine, la ibada. Hapo ndipo walipotolewa wengi wa ndege wa mawe. Karibu yake lipo pango, na sekuru anasema sauti ikitoka humo inasikika bondeni kwenye Boma Kuu. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote. Nyani mmoja akageuka.

Siku ya sita. Boma Kuu na ndege

Leo jua. Nimekwenda bondeni.

Takwimu kwanza, maana bila hizo mtu atadhani natia chumvi. Ukuta wa nje wa Boma Kuu una mzunguko wa kama mita 250. Pale ulipo mrefu zaidi unafika mita 11, na chini una unene wa mita tano na zaidi. Ulijengwa katika karne ya 14, wakati mji ukiwa kileleni mwa utajiri wake. Kwa upande wa kusini mashariki, juu kabisa, kuna pambo la mistari miwili ya mawe yaliyopangwa zigizaga. Pambo liko juu ya ukuta mahali ambapo ngome ingeweka walinzi. Nililitazama sana hilo.

Ndani kuna ujia kati ya kuta mbili ndefu, mwembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Unatembea huoni kitu isipokuwa mawe na ukanda wa anga. Halafu ghafla mnara, umbo la pia, kimo chake kama mita 10. Wasaka hazina waliutoboa na kuuchimba chini. Hauna kitu ndani: mawe matupu, toka chini hadi juu. Wapo wataalamu wanaousoma kama mfano wa kihenge cha nafaka, kwamba mfalme ndiye mwenye ghala. Mimi nilipouona nilifikiria kihenge kabla sijaambiwa, kwa hiyo nawaunga mkono, ingawa kura yangu haina uzito.

Nimekaa chini ya mnara huo kusoma orodha ya waliokataa kuamini. Karl Mauch, Mjerumani, alifika Septemba 1871. Alikata kipande cha kizingiti cha mlango, akakilinganisha na mbao ya penseli yake, akaona vinafanana. Penseli ilikuwa ya mwerezi, kwa hiyo kizingiti ni cha mwerezi wa Lebanoni, kwa hiyo mjenzi ni Malkia wa Sheba. Hivyo tu. Wakati huo watu walikuwa wakiishi pale pale kilimani, watu wa chifu Mugabe (si yule rais). Cecil Rhodes, mkoloni Mwingereza aliyeiteka nchi hii, aliipenda hadithi ya Mauch, maana kama Wafoinike, watu wa kale wa Lebanoni, walitangulia, basi yeye anarudi kwake.

Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba na kusema wazi: hii ni kazi ya Waafrika. Walowezi wakakasirika. Mwaka 1929 akaja Gertrude Caton-Thompson na wasaidizi wanawake watupu, akachimba kwa utaratibu, akasema lile lile. Wakakasirika tena. Miaka ya 1960 serikali ya Rhodesia, kama nchi ilivyoitwa, haikutaka hata vitabu vya watalii viseme nani alijenga, na Peter Garlake, mkaguzi wa makumbusho ya kale aliyekataa kunyamaza, akaondoka nchini mwaka 1970. Tarehe 18 Aprili 1980 nchi ikaitwa Zimbabwe. Kuta hizi zilizingirwa na watu wenye kalamu kwa karibu miaka mia moja, na hazikuwa na tundu hata moja la kujibu mishale.

Makumbusho ni madogo na yana giza, na humo wamo ndege. Walipatikana wanane, wamechongwa kwa jiwe la sabuni, kila mmoja juu ya nguzo yake. Mmoja aling'olewa mwaka 1889 na mwindaji Willi Posselt, akamuuzia Rhodes, aliyemweka nyumbani kwake Cape Town. Wengine walirudishwa na Afrika Kusini mwaka 1981. Mmoja alikuwa amekatika vipande viwili: juu ikabaki Zimbabwe, nguzo yake ikafika Berlin. Ujerumani iliirudisha mwaka 2003, na sasa ndege amekaa juu ya miguu yake.

Ndege gani? Wengine wanasema ni hungwe, tai mla samaki. Wengine ni chapungu, tai wa aina nyingine. Nilipolisikia hilo la pili nilicheka peke yangu mbele ya kabati la kioo: chapungu, kipungu. Ila miguu ya hawa imechongwa vidole kama vya mtu, na mmoja ana midomo ya mtu badala ya mdomo wa ndege, kwa hiyo sina hakika kwamba mchongaji alikuwa akitazama ndege.

Kabati la pili lilinikalisha zaidi. Orodha ya vilivyochimbuliwa hapa: vipande vya vyungu vya kijani vya Uchina, bakuli la Uajemi, shanga za kioo kwa maelfu. Hivyo hivyo ndivyo vinavyokanyagwa Kisiwani. Na sarafu ile: za aina yake tuliziokota utotoni mvua ikishanyesha, kabla mlinzi hajatunyang'anya. Maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili, ubeti mzima kwenye kitu kidogo kuliko kifungo cha shati. Kutoka Sofala mpaka hapa ni kama kilomita 400 za kutembea kwa miguu, na sarafu ya shaba isingenunua chochote huku. Mtu aliibeba tu.

Jioni nilimpigia baba.

"Hiyo ngome ina mizinga?"

"Haina, baba."

"Milango?"

"Ipo, lakini ya kuingilia wageni."

Kimya. Kisha akasema, "Ndiyo nilikuwa nakwambia, ya namna nyingine," na akahesabu kwamba ameshinda.

Siku ya saba. Masvingo

Magoti. Nimelala mpaka saa nne.

Mama wa vitenge amenipigia toka Harare kuuliza kama mawe niliyaona. Akauliza na waliokuwa wakikaa humo walikwenda wapi. Kwa ufupi: kufikia katikati ya karne ya 15 maelfu ya watu na ng'ombe wao walikuwa wameila nchi, kuni, malisho na rutuba, na biashara ya dhahabu ikaanza kuhamia kaskazini kwenye Zambezi. Wengine wakajenga Khami, magharibi. Masimulizi yanasema Nyatsimba Mutota alikwenda kaskazini kutafuta chumvi, akaanzisha ufalme wa Mutapa.

"Chumvi," akasema. "Hilo naliamini. La samaki, hapana."

Siku ya kumi. Tunduma

Siku mbili za barabara sina habari zake, nililala. Mkanda wa feni umeshika.

Nje ya lango la magofu nilimnunulia baba ndege mdogo wa jiwe la sabuni, kutoka kwa mchongaji aliyekuwa akimaliza kumsugua kwa msasa wa maji. Afisa wa ushuru Tunduma amemkuta chini ya sweta, amemgeuza juu chini.

"Huyu kuku umemlipia?"

"Si kuku, afande. Ni kipungu."

"Kipungu hana vidole hivi."

Nikamwambia hata wenyewe hawajakubaliana. Akamtazama tena, akampimia uzito kiganjani, akanirudishia, akaniambia nimfunge vizuri, mdomo wake utakatika.